FlashInvaders mkononi mwa mpiga picha

Programu nyingi za simu zinazohusu sanaa ya mtaani hutengenezwa na watu wanaofuata nyuma ya wasanii, wakikusanya anwani za kuta na picha za wageni waliopita. FlashInvaders imetoka kwa msanii mwenyewe. Invader, Mfaransa anayeficha jina na uso wake, aliitoa mwaka 2014 ili yeyote mwenye simu aweze kuzitafuta mozaiki zake (picha zilizoundwa kwa vigae vidogo) mitaani, azipige picha na kujikusanyia alama. Haina malipo, na inapatikana kwa simu za Android na iPhone. Mimi ni mpiga picha wa sanaa ya mtaani, na Invader ndiye msanii nimpendaye kuliko wengine wote wa fani hii, kwa hiyo tathmini hii haitoki kwa mtu asiye na upande. Hata hivyo mapenzi kwa msanii ni jambo moja na ubora wa chombo alichokitoa ni jambo lingine, na katika programu hii mambo hayo mawili hugombana mara kwa mara.

Kwa asiyemjua, msingi wa kazi yake ni mchezo wa Kijapani wa Space Invaders, uliotolewa na kampuni ya Taito mwaka 1978, ambao viumbe wake waliundwa kwa pikseli chache tu, yaani vile viraba vidogo vinavyounda picha kwenye kioo, kwa kuwa mashine za wakati ule hazikuweza zaidi ya hapo. Invader aliona kwamba pikseli na kigae cha mraba ni ndugu, akaanza kuwahamisha viumbe hao kutoka kwenye kioo kwenda kwenye kuta, akiwabandika kwa saruji. Mradi wenyewe ulishika kasi kuanzia mwaka 1998 mjini Paris, na tangu hapo umefika katika miji mingi ya mabara mbalimbali, Mombasa ikiwemo. Kila mozaiki ina namba yake inayotanguliwa na herufi za mji: PA kwa Paris, LDN kwa London, na kadhalika. Ile ya 4,000 iliwekwa mwaka 2021 huko Potosí nchini Bolivia, mji ulio karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, jambo linaloonyesha kwamba mtu huyu huhesabu kwa makusudi na hupenda hesabu yake iwe na mchezo ndani yake. Nyingine ziko chini ya maji katika ghuba ya Cancún, zimebandikwa kwenye sanamu zilizozamishwa baharini, na nyingine ilipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Kinachonivuta kwake ni uchaguzi wa mahali, kuliko hata umbo la kiumbe. Wachoraji wengi wa kuta hutafuta uso mpana, kisha huujaza. Invader hutafuta pembe: pale jengo linapokunja kona, juu ya kibao cha jina la mtaa, chini ya ukingo wa daraja, mahali ambapo jicho hupita kila siku bila kutua. Huweka kazi yake juu kidogo ya mkono wa mpita njia, kwa sababu ya usalama bila shaka, lakini pia kwa sababu hapo ndipo inapoanza kuzungumza na mabomba, madirisha na taa zilizo jirani. Mjini Montpellier alifika mbali zaidi, kwani ukiziunganisha sehemu zote alizobandika mozaiki kwenye ramani ya mji, zinachora kiumbe mkubwa ambaye hakuna aliye chini anayeweza kumwona. Mpiga picha anayefundishwa kila mara kupanga vitu ndani ya fremu hawezi kukosa kumheshimu mtu anayeutumia mji mzima kama fremu.

Sasa programu yenyewe. Matumizi yake ni mepesi kiasi kwamba mtoto anaweza kuyamudu: unafungua, unaielekeza simu kwenye mozaiki, unabonyeza, na baada ya muda mfupi mfumo unailinganisha picha yako na hazina yake. Ukiwa umeipata kazi halisi ambayo hujawahi kuinasa, unapewa alama kati ya 10 na 100 kulingana na kazi yenyewe, na kiumbe huyo anaingia katika mkusanyiko wako. Kila mozaiki hulipa mara moja tu. Mwonekano umefanywa ufanane na michezo ya zamani, na ingawa mwanzoni niliona mapambo hayo yamezidi, nimeyazoea na sasa sidhani kwamba rangi za kisasa zingefaa zaidi.

Jambo la kwanza litakalomuudhi mtumiaji mpya ni kwamba hakuna ramani. Programu inajua mozaiki zilipo, lakini haikuambii hata moja. Mwenye macho haambiwi tazama, na ni wazi kwamba Invader ameamua kulishikilia neno hilo mpaka mwisho. Kwa mtu aliye na saa chache tu katika mji wa kigeni, uamuzi huu ni adhabu. Kwa mpiga picha nauona kuwa ndio uamuzi bora kuliko wote uliofanywa humu. Ramani ingetufanya tutembee vichwa vikiwa vimeinamia simu, kutoka nukta moja kwenda nyingine, na kila mmoja wetu angefika mahali palepale na kusimama palepale. Bila ramani, unalazimika kujifunza tabia za msanii. Baada ya muda unaanza kukisia: kona hii ina ukuta safi, ina kibao cha mtaa, inaonekana kutoka njia mbili, basi kama angepita hapa angeitaka. Mara nyingi unakuta hakuna kitu. Lakini njiani unaona bango lililochanika, stensili (mchoro uliopakwa kupitia karatasi iliyokatwa umbo) ya mtu asiyejulikana, kivuli cha ngazi juu ya plasta, na kamera ya begani inapata kazi ambayo simu haikuitafuta. Wapo mashabiki wanaoendesha tovuti iitwayo Invader Spotter, inayoorodhesha mozaiki na hali ya kila moja, kama ni nzima, imeharibika au imeondolewa. Tovuti hiyo ina manufaa makubwa kwa utafiti, na mimi huifungua jioni baada ya matembezi, si asubuhi kabla ya kutoka.

Kama kamera, programu hii ni dhaifu, na ni afadhali kulisema hilo waziwazi kwa kuwa wengi huipakua wakidhani watapata albamu nzuri. Simu nyingi zina lenzi kuu pana, sawa na ile ya milimita 24 hadi 28 kwenye kamera kubwa, inayomeza mandhari nzima, na mozaiki iliyo juu ya mlango huonekana ndani yake kama stempu. Ukiikuza kwa kioo cha simu, unapata umbo linalotosha kutambuliwa na mfumo, lakini hupati picha. Mfumo unahitaji tu kujua ni kiumbe yupi. Haujali mwangaza, wala hauulizi kama umesimama wima au umepinda.

Mozaiki za Invader, kwa upande wake, ni kitu kigumu kupiga kuliko zinavyoonekana. Kwanza, ni gridi ya miraba, na gridi haisamehe: ukiielekeza lenzi juu kutoka karibu, mistari ya wima inaanza kukutana na kila safu ya vigae inakushtaki. Dawa yake ni kurudi nyuma, ikiwezekana mpaka upande wa pili wa barabara, na kutumia lenzi ya milimita 85 hadi 135, inayovuta vitu vya mbali karibu, ili pembe ya kutazama juu ipungue. Pili, vigae vina ung'avu, na adhuhuri vinarudisha anga nyeupe moja kwa moja kwenye lenzi mpaka nyekundu inakuwa waridi. Kichujio cha polaraizi, kioo kinachofungwa mbele ya lenzi ili kupunguza mng'ao, husaidia, lakini kina masharti. Ukisimama mbele ya ukuta uso kwa uso, hakifanyi kazi kubwa, kwa sababu mng'ao wa kigae hupungua vizuri zaidi unapotazamwa kwa mshazari wa nyuzi hamsini na kitu kutoka kwenye mstari unaotoka ukutani moja kwa moja kwenda mbele. Ukisogea ubavuni kufikia pembe hiyo, mng'ao unakwisha, na kiumbe anakuwa mwembamba kama aliyekondeshwa. Ni lazima uchague kati ya rangi na umbo, au usubiri mawingu. Mimi husubiri mawingu. Isipokuwa saa za mwisho za mchana, jua linapopita sambamba na ukuta na kila kigae kutupa kivuli kidogo kwenye ufa unaokifuata, kwani hapo kazi inaonyesha unene wake na unatambua kwamba ilibandikwa na mikono, kipande baada ya kipande.

Yote hayo hayana nafasi ndani ya FlashInvaders. Haikatazi mtu kuyafanya, lakini haiyapokei. Picha uliyoipiga kwa kamera yako nzuri haiwezi kuingizwa, na picha ya zamani haiwezi kuingizwa vilevile. Lazima uwe pale, wakati ule, na mfumo hutumia mahali simu ilipo kuhakikisha kwamba hupigi picha ya picha nyingine ukiwa umeketi nyumbani. Kwa mchezo, sheria hiyo ni ya haki, kwa sababu bila yake alama zote zingekuwa upuuzi. Kwa historia ya sanaa ya mtaani, sheria hiyohiyo inakwenda kinyume cha kila kitu tunachokijua. Mpiga picha Brassaï alianza kupiga picha mikwaruzo ya kuta za Paris katika miaka ya 1930, na kuta hizo leo tunazijua kwa sababu yake. Mpiga picha mwenzake wa baadaye, Martha Cooper, alizifuata treni zilizochorwa za New York mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na karibu kila alichokipiga kilisafishwa au kupakwa rangi upya. Katika fani hii picha ya zamani mara nyingi ndiyo kitu pekee kilichobaki. Mtu aliyepiga mozaiki iliyovunjwa kabla ya mwaka 2014 ana hati ya thamani, na mbele ya programu hii hana kitu.

Wala si suala la nadharia, kwani mozaiki hupotea kweli. Mwaka 2017 watu wawili waliojifanya wafanyakazi wa manispaa ya Paris waling'oa kazi zaidi ya kumi mchana kweupe. Kung'oa kwenyewe ni ujinga maradufu, kwa kuwa saruji yake hushika sana na vigae hupasuka vinapobanduliwa, hivyo mwizi hubaki na vipande visivyo na sura. Mashabiki wamekuwa wakizijenga upya baadhi ya kazi zilizopotea kwa kutafuta vigae vya rangi na ukubwa uleule, na kiumbe aliyerudishwa kwa namna hiyo anaweza kunaswa tena. Napenda uhusiano huo, ambamo msanii hubuni, umma hutunza, na picha za wapita njia ndizo zinazotumika kama mchoro wa ukarabati. Ndiyo sababu inashangaza kwamba chombo chake rasmi hakina mlango wa kuzipokea picha hizo.

Kuhusu orodha ya wachezaji na nafasi zao, sina mengi. Wapo wanaosafiri kwenda miji ya mbali kwa ajili ya alama tu, na ni haki yao. Nimegundua hata hivyo kwamba ninapoanza kuitazama nafasi yangu, picha zangu za siku hiyo huwa mbaya, kwa sababu kiumbe akishanaswa miguu inataka kuondoka. Betri nayo huisha haraka ukiacha kamera ya simu na huduma ya mahali vikifanya kazi siku nzima, kwa hiyo benki ya chaji si anasa. Na kwa anayejali faragha, akumbuke kwamba kila unaponasa unaueleza mfumo ulipo.

Ningeishauri programu hii kwa nani? Kwa mzazi anayetaka kuwatembeza watoto bila manung'uniko, bila kusita. Kwa mgeni mjini anayetaka sababu ya kupita mitaa ya nyuma, vilevile. Kwa mpiga picha, kwa sharti moja: nasa kwanza, maliza, rudisha simu mfukoni, kisha anza kazi. Utaratibu huo umenifaa, kwa kuwa unaondoa haraka ya kuhesabu na kuacha utulivu wa kutafuta mahali pa kusimama. Faida nyingine ni uthibitisho. Waigaji wa Invader ni wengi, na baadhi yao ni mafundi hodari kiasi cha kumdanganya hata aliyezoea, lakini kazi isiyo yake haitakupa alama.

Natamani toleo lijalo liruhusu jambo moja dogo: mtu akishanasa kiumbe akiwa mahali penyewe, aruhusiwe kuambatanisha picha aliyoipiga kwa kamera yake, ya siku hiyo au ya miaka iliyopita, bila kupewa alama yoyote kwa ajili yake. Mchezo hautaharibika, na hazina itakayokusanyika itazidi kitabu chochote. Mpaka hapo naipa nyota tatu kati ya tano, na mojawapo ya hizo tatu ni ya ramani ambayo haikuwekwa.