Catan au Pandemic?

Catan, mchezo wa ubao wa Mjerumani Klaus Teuber (1995), ni wa kujenga vijiji na kubadilishana mali. Unarusha dadu mbili, namba ikiangukia shamba lako unapata kadi za mbao, matofali, sufu, ngano au madini. Hapo ndipo utamu: "Nipe tofali, nikupe sufu mbili." Ikitoka 7, mwenye kadi zaidi ya 7 anarudisha nusu. Inauma kweli! Pointi 10 ndizo ushindi.

Pandemic ya Mmarekani Matt Leacock (2008) haina mpinzani mezani. Mnashirikiana kutafuta tiba za magonjwa manne, Atlanta hadi Kinshasa. Nikicheza na watoto nachagua huu, ila mjuaji mmoja akiamulia wenzake, raha imekwisha. Wapenda kupatana bei, chukueni Catan.