Boksi la Android au kompyuta ndogo kwenye TV: uzoefu wangu na yule kijana wa Aggrey

Kama unajiuliza uchomeke nini kwenye TV ya sebuleni ili uangalie YouTube na Netflix, boksi la Android au kompyuta ndogo, jibu langu ni kompyuta. Huko mbele nitalilegeza kidogo kwa sababu ya mama yangu, lakini naandika nikiwa bado nimekasirika na sioni sababu ya kuficha.

Boksi kuharibika si habari. Vitu vya umeme vinakufa, tunanunua vingine, maisha yanaendelea. Kilichonichoma ni maneno manne niliyoambiwa dukani mbele za watu: "Mama, hii siyo jiko." Nitafika hapo.

Boksi nililinunua Kariakoo, mtaa wa Aggrey, miezi kadhaa iliyopita. Duka silitaji. Ni yale maboksi meusi madogo yaliyoandikwa 8K, yaani picha kali kupita kiasi, juu kwa rangi ya dhahabu, bei haifiki laki moja, na jina linabadilika kila mzigo mpya ukiingia. Kijana wa duka alilichomeka palepale, YouTube ikafunguka, picha ikaja safi, Netflix na wenzake wamejipanga kwenye skrini. "Mama, hapa umemaliza," akaniambia. Nikadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akanuna, akaitoa. Ishikeni hiyo risiti, ina kazi baadaye.

Nyumbani YouTube ilicheza vizuri, sitalisingizia. Netflix ndiyo ilianza kunipa mashaka. Kumbe iliyowekwa mle ni ile ya simu. Rimoti haisogezi kitu mpaka ubonyeze kitufe cha mausi, kishale kitokee, ukiburute kidogokidogo mpaka kwenye muvi unayoitaka. Na ukishaifungua, picha ina ukungu. TV yangu ni inchi 50, ukikaa kwenye kochi huoni kama muigizaji analia au anacheka. Nikaongeza kasi ya intaneti, ukungu ukabaki palepale. Mtoto wa kaka yangu, ambaye mambo haya ndiyo chakula chake, akaniambia, "Shangazi, hata ulete faiba ya aina gani, hili halitakupa picha nzuri." Netflix huwa inakagua ulinzi wa kifaa kabla ya kutoa picha kali. Kifaa kinatakiwa kiwe na Widevine, ile kufuli ya kuzuia video isiibwe, ya daraja la juu, L1. Maboksi ya namna hii mengi yana la chini, L3, kwa hiyo unaishia 480p, picha hafifu, hata kama kwenye kava wameandika 8K. Maandishi ya kava ni wino tu.

Tukalijaribu na nafasi ya kuhifadhi. Kwenye mipangilio limejiandika GB 64. Tukaanza kuhamisha muvi kutoka kwenye flashi, likagoma hatujafika hata GB 6. Hapo hata mimi nikakaa kimya.

Lakini hayo yote ningeyameza. Ningesema nimenunua cha bei rahisi nikapata cha bei rahisi. Lililonitoa kwenye subira ni bando.

Natumia rauta ya laini, bando la mwezi, na lina kikomo. Likaanza kuisha kabla ya wakati wake, mwezi wa kwanza, na uliofuata tena. Yule mpwa wangu akaingia kwenye rauta, akafungua ukurasa unaoorodhesha vifaa vyote vilivyounganishwa na data inayopita kwa kila kimoja. Tukaangalia usiku, TV imezimwa, watoto wamelala, simu zangu mbili ziko mezani mbele yetu. Boksi peke yake ndilo lilikuwa kazini. Na safu iliyokuwa inapanda haraka ni ile ya data inayotoka nyumbani. Inayoingia ilikuwa kidogo. Sasa niambieni, boksi la kuangalizia muvi linatuma nini nje saa nane za usiku? Linamtumia nani?

Nilikaa nikasoma mpaka alfajiri, nami nawaambia nilichokisoma kwa sababu dukani hakuna atakayekwambia. Januari 2023 mtaalamu mmoja wa mifumo kutoka Kanada, Daniel Milisic, alieleza hadharani kwamba boksi la aina ya T95 alilonunua mtandaoni lilikuja na programu hasidi ikiwa imeshapachikwa ndani ya mfumo wake. Baadaye watafiti wa usalama wakauita mtandao mzima wa vifaa vya namna hiyo BADBOX. Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, na Julai mwaka huohuo Google ikawashtaki mahakamani wanaouendesha, ikisema umeshika vifaa zaidi ya milioni 10. Vingi ni maboksi kama haya, yanayotumia Android ya bure isiyopitia ukaguzi wa Google. Kazi yao ni mbili kubwa: kufungua matangazo kwa siri ili mtu alipwe, na kukodisha laini yako ya intaneti kwa watu usiowajua, wafanye mambo yao huko duniani yaonekane yametoka sebuleni kwako. Na ukilirudisha boksi kwenye hali ya kiwandani halisafiki, maana uchafu umo kwenye mfumo wenyewe.

Langu lina BADBOX? Sina mashine ya kulipima, na sitalipachika jina ambalo sijalithibitisha. Ninachokijua ni nilichokiona kwenye rauta. Tulipolichomoa, bando likarudi kuishia mwisho wa mwezi kama zamani. Hilo linanitosha.

Nikalirudisha dukani. Nilibeba kila kitu, rimoti, adapta, kava, risiti. Kijana yuleyule alikuwa amekaa juu ya kaunta anachezea simu.

"Shida nini, mama?"

"Mdogo wangu, hili boksi linatuma data usiku nyumba nzima imelala. Na nafasi yake siyo mliyoandika."

"Nani kakwambia?"

"Nimeona mwenyewe kwenye rauta."

Akamgeukia mwenzake. "Eti rauta!" Wakacheka. Kisha akanitazama. "Mama, hii siyo jiko. Bando linaisha kwa sababu watoto wako wanaangalia sana. Mwambie mzee nyumbani aje, au kijana wako, nimwelekeze yeye."

Dukani kulikuwa na wateja wengine, nao wakacheka.

Nina steshenari. Kutwa nzima niko mbele ya kompyuta, nachapa, naskani, nawajazia watu fomu za ajira na za mikopo ya vyuo mtandaoni, printa ikigoma naifungua mwenyewe. Vijana wa umri wa huyo wananiita mwalimu. Halafu mtu aliyeniuzia boksi lenye GB za uongo ananiambia niende nikalete mwanaume ndipo aongee. Hata kama nisingejua kitu, hata kama kweli kazi yangu ingekuwa jikoni tu, hela niliyompa si ilikuwa hela? Mama anayepika hana haki ya kuuziwa kitu kizima?

Nikamwambia nataka hela yangu. Akanyoosha kidole kwenye karatasi ukutani: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Akarudi kwenye simu yake.

Sikilizeni. Kibandiko cha ukutani hakifuti sheria. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayosimamia. Kava limeandikwa GB 64, ndani hakuna, huo ni udanganyifu unaoshikika kwa mkono. Barua yangu nimeiandika, na ile risiti aliyoitoa kwa kununa nimeiambatisha.

Sasa kompyuta.

Kabla sijatoka Kariakoo siku ileile, nikiwa nimevimba kwa hasira, nikaingia duka la mzee mmoja anayeuza kompyuta zilizotumika, zile za maofisini zinazoshushwa kutoka Dubai na Uingereza. Lenovo Tiny, HP Mini, Dell Micro, zote ukubwa wa kitabu kinene. Mzee akavuta kiti. "Kaa, dada. Jaribu mwenyewe kabla hujatoa hela." Nusura nilie. Nikaiwasha, nikafungua muvi, nikaangalia diski, kila kilichoandikwa kilikuwepo. Nikamlipa laki nne na ushee na sijui kama bei hiyo nimeipenda kwa ajili ya kompyuta au kwa ajili ya kile kiti.

Lakini kwa haki kabisa, mashine ni nzuri. Netflix naifungua kwa kivinjari cha Edge, nyuso za watu zina macho na pua. Muvi za flashi programu ya VLC inazicheza zote, haichagui. YouTube ninaweka kizuia matangazo. Tena naona kila programu inayofanya kazi mle ndani, na isiyonipendeza naiondoa. Wanaosema kompyuta inakula umeme wamezoea zile kubwa za mezani. Hizi ndogo zikicheza muvi, wati 20 hivi. Ukiangalia kwa muda wa saa tano kila siku ni kama uniti tatu za Luku kwa mwezi.

Ukienda kununua, angalia namba ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. i5-6500T ni kizazi cha sita, i5-8500T ni cha nane. Chukua cha nane kwenda juu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel haikubali rasmi chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache sana, ndiyo maana za kizazi cha sita utabembelezwa uzichukue kwa bei ya kutupa. Na chungulia nyuma: nyingi zina tundu la DisplayPort badala ya HDMI kama la TV, utahitaji waya wa kubadilisha. Mzee alinipa wangu bila kuniongezea hata mia.

Ningeishia hapo nikaipa nyota tano. Mama yangu ndiye anayenizuia.

Mama anakaa na sisi, na mchana TV ni yake. Anataka mahubiri yake ya YouTube na tamthilia zake. Kwa lile boksi bovu, kwa YouTube tu, alikuwa anabonyeza rimoti na anafika. Kwa kompyuta nimemnunulia kibodi ndogo isiyo na waya, yenye sehemu ya kugusa kwa kidole. Anaiweka mapajani, anavaa miwani, kishale kinampotea, Windows inamtolea ujumbe katikati ya mahubiri, ananiita. Nikiwa dukani anasubiri mpaka nirudi. Juzi nimemkuta amekaa mbele ya TV iliyozimwa, na aliponiambia "haina shida mwanangu" niliumia kuliko nilivyoumia Kariakoo. Rimoti ya TV haiwezi kuiongoza kompyuta hii kama inavyoongoza boksi. Kwa mtu wa umri wake hilo si dogo hata kidogo.

Kwa hiyo kama kuna mzee nyumbani, au hamna mtu wa kushughulika na kibodi, nunueni boksi. Ndiyo, nimesema boksi, na limeniuma kulisema. Lakini liwe lenye Android TV au Google TV halisi, lililoidhinishwa, ambalo Netflix yake inaitikia rimoti. Fungua Play Store palepale dukani, ingia mipangilio, sehemu ya kuhusu, usome kama kifaa kimeidhinishwa. Muuzaji akikuzuia kusoma, ondoka. Bei yake ni mara mbili tatu ya haya yenye maandishi ya dhahabu, na Aggrey utazunguka mpaka uchoke kulipata. Mimi bado natafuta la mama. Kompyuta itabaki kwa ajili ya jioni na watoto, mpira tunao kwenye king'amuzi.

Mtu akiniuliza kwa kifupi: kompyuta nyota nne, boksi la bei rahisi sifuri. Mwanzoni nilitaka kulipatia nyota moja kwa ajili ya YouTube. Nimekumbuka kile kicheko, nimeifuta.

Liko kabatini, limechomolewa. Jirani ameniomba nimuuzie kwa elfu thelathini, anasema yeye hana shida na picha yenye ukungu. Nimemkatalia na nimemweleza kwa nini, na naona hajaniamini, anadhani namnyima. Na aninunie. Hilo boksi halitoki kwangu kwenda kuchomekwa kwenye nyumba ya mtu.