Hita ipi ununue baridi hii ya Njombe, Makete na Mbeya (na vitu vya kununua kabla ya hita)

Mwezi wa sita ukiingia tu maduka ya umeme Njombe mpaka Mbeya mjini yanapanga hita mlangoni, na kila mteja anauliza swali lile lile, "hii inakula umeme?", na muuzaji jibu lake analo tayari, "hii haili kabisa mama, ni ya kisasa". Tuelewane kabla hujatoa hela. Hita yoyote ya kuchomeka yenye waya au koili ndani, iwe ya bei chee au bei mbaya, inageuza uniti 1 ya umeme kuwa joto la uniti 1 basi, hakuna inayokula kidogo ikatoa joto jingi. Angalia wati zilizoandikwa nyuma, halafu jiulize hilo joto linaenda wapi.

Piga hesabu: hita ya wati 2000 inakula uniti 2 kwa saa. Ukiiwasha jioni masaa matano mfululizo ni uniti 10, na kwa tarifu ya kawaida uniti ukijumlisha kodi inacheza kwenye shilingi 356, kwahiyo jioni moja ni kama 3,560 na mwezi mzima ni laki na kitu. Kama uko kwenye ile tarifu ndogo ya uniti 75 kwa mwezi ndo kabisa, wiki haijaisha vizuri uniti zako zimekata na zinazofuata unalipia bei ya juu. Ndo maana kwenye list yangu vya juu ni vile vinavyopasha mtu, vinavyopasha chumba vinafuata nyuma.

Namba moja ni chupa ya mpira ya maji moto, wala usicheke. Kuchemsha lita 2 kwa birika la umeme haifiki hata robo ya uniti, ukiifunga kwenye kitambaa ukaiweka miguuni unalala nayo mpaka usiku wa manane huko. Ukinunua angalia shingoni, nyingi zina alama kama ua, namba ya katikati ni mwaka iliyotengenezwa, ikiandikwa 19 maana yake 2019, na mpira wa umri huo mimi siuweki kitandani kwangu. Maji yasiwe yanatokota, na ibinye hewa itoke kabla ya kufunga kizibo.

Namba mbili blanketi la umeme, lile la kutandika chini ya shuka. Mengi ni kati ya wati 60 na 120, kwahiyo hata ukiliacha usiku mzima linazunguka kwenye uniti moja, na wengi wanawasha nusu saa kabla ya kulala wanazima, hapo hata LUKU haishtuki. Chukua lenye kujizima lenyewe. Usilikunje likiwa linawaka, na kitanda cha mtoto mdogo au mtu anayekojoa kitandani hapana.

Namba tatu sio kifaa, ni nyumba yenyewe, na kama ni ya kwako ningeipandisha iwe namba moja. Nyumba zetu nyingi huku ni matofali ya kuchoma na bati, juu hakuna dari, sasa joto linapanda juu, bati ni la baridi, limeisha, unapasha anga la Njombe. Siling bodi au jipsamu kwenye chumba cha kulala tu, sio lazima nyumba nzima, inabadilisha kila kitu. Mpangaji ambaye hawezi kugusa dari aweke pazia zito linalofika chini, ule mpira wa kuziba chini ya mlango, na raba za kubandika kwenye fremu ya dirisha. Ila kama mnapikia ndani, iwe mkaa au gesi, yale matundu ya hewa juu ya dirisha usiyazibe.

Sasa hita zenyewe. Ya oili, ile yenye mapezi, ndo ningenunua kwa chumba cha kulala, haina kelele, haina waya mwekundu wa kuunguza shuka, na ukiizima inabaki ya moto kwa muda. Inachelewa kupata moto, iwashe mapema. Hakikisha ina themostati inayofanya kazi, maana hapo ndo unaokoa umeme, chumba kikipata joto inakata yenyewe. Ile ya kuwaka mwekundu inafaa ukiwa umekaa sehemu moja sebuleni unaangalia mpira, inakupiga wewe moja kwa moja hata kama chumba kina baridi, ukisogea pembeni hupati kitu. Ya feni inafaa bafuni au kwa dakika kumi za asubuhi, zaidi ya hapo ni kelele tu. Kuna pia AC zenye kupasha, hizo kweli zinatoa joto kama mara tatu ya umeme zinaokula kwa sababu zinavuta joto la nje, ila mashine na fundi wake ni hela nyingine kabisa.

Hita ya gesi ndani ya chumba cha kulala siipendi. Na jiko la mkaa mmelala mmefunga milango, huo moshi usioonekana hauna harufu, mnasinzia hamwamki, usimruhusu mtu kwako hata kama analiita la kupasha tu.

Hita ya wati 2000 ichomeke ukutani moja kwa moja, ekstensheni za bei rahisi zinayeyuka. Na wale wa mitumba, geuza hita usome volti kabla ya kuuliza bei, kuna za kutoka Japani zimeandikwa 100V, ukichomeka kwenye umeme wetu wa 230 inaungua hapo hapo na muuzaji atakwambia ilikuwa nzima ulipoichukua.