Resiva ya Zamani na Runinga Mpya: Kipi Kinunuliwe Kwanza?

Runinga ya 4K inapoingia sebuleni, resiva ya zamani iliyo chini yake huanza kutiliwa shaka. Resiva ninayoizungumzia si king'amuzi, bali ni ile amplifaya ya sinema ya nyumbani yenye chaneli tano au saba, inayopokea sauti kutoka kwenye vifaa mbalimbali na kuziendesha spika zote za chumba. Wauzaji wengi humwambia mteja kwamba resiva ya 2010 imepitwa na wakati na haifai tena. Kwa nyumba nyingi sikubaliani nao, na hapa chini nimezipanga njia zilizopo kuanzia ile inayostahili kujaribiwa kwanza.

Ndani ya resiva mna sehemu mbili zisizozeeka kwa kasi moja. Sehemu ya amplifaya, yaani transfoma, kapasita na transista, haijabadilika sana, na wati 80 za kweli za mwaka 2010 zina nguvu ileile leo. Kinachopitwa na wakati ni milango ya kidijitali, hasa HDMI, inayopitisha picha na sauti kwa waya mmoja. HDMI 1.4 iliyotoka 2009 hupitisha picha ya 4K kwa fremu 30 tu kwa sekunde, HDMI 2.0 ya 2013 ilifikisha fremu 60, na HDMI 2.1 ya 2017 ikafikisha 120. Juu ya hayo, filamu nyingi za 4K hulindwa kwa HDCP 2.2, na resiva isiyoitambua kinga hiyo husababisha picha ishuke ubora au isionekane kabisa. Tatizo la resiva kongwe, basi, liko zaidi kwenye picha, na picha haina ulazima wa kupita ndani ya resiva.

Ndiyo maana njia ya kwanza, na iliyo bora kwa walio wengi, ni kubaki na resiva na kubadilisha namna ya kuunganisha. King'amuzi, deki na mashine ya michezo vichomekwe moja kwa moja kwenye runinga, kisha sauti irudi kwenye resiva kwa waya mmoja. Tazama nyuma ya resiva: ikiwa mlango wa HDMI wa kutolea umeandikwa "ARC", yaani njia ya kurudisha sauti kutoka kwenye runinga, uunganishe na mlango wa runinga wenye alama hiyohiyo, halafu uwashe mawasiliano ya HDMI pande zote mbili. Samsung huyaita Anynet+, LG huyaita SimpLink na Sony huyaita Bravia Sync. Yakiwa yamezimwa, mara nyingi ARC haitatoa sauti, na hapo wengi hudhani kwamba resiva imekufa. Resiva isiyo na ARC itumie waya wa optiko, ule ambao mlango wake mdogo hutoa mwanga mwekundu. Mpangilio mmoja kwenye menyu ya sauti ya runinga ndio unaoamua matokeo: ukiachwa kwenye PCM, yaani sauti isiyobanwa, optiko itapeleka chaneli mbili tu, lakini ukiwekwa kwenye Dolby Digital au "Bitstream", spika zote tano zitaamka mradi filamu yenyewe ina sauti ya 5.1, yaani chaneli tano na moja ya sabufa.

Njia hii ina mipaka yake. Optiko na ARC ya kawaida hazibebi Dolby TrueHD wala DTS-HD Master Audio, sauti za ubora kamili zilizomo kwenye diski za Blu-ray, na baadhi ya runinga hazipitishi kabisa sauti za mfumo wa DTS. Kwa anayetazama filamu za mtandaoni na mechi za mpira hasara hiyo haimgusi, kwa sababu sauti za huko tayari zimebanwa.

Njia ya pili ni kuzielekeza fedha kwenye spika. Mtu anayebadilisha resiva ya wati 50 kwa ya wati 100, huku spika zikiwa zilezile, anapata ongezeko la desibeli 3 tu, ambalo sikio hulisikia kama tofauti ndogo. Spika nzuri ya katikati, ambayo ndiyo inayobeba maneno ya waigizaji, pamoja na sabufa yenye amplifaya yake, hubadilisha chumba kizima. Mahali pa sabufa hupatikana bila gharama: iweke pale unapoketi, piga muziki wenye besi nzito, kisha tembea kando ya kuta ukisikiliza karibu na sakafu, pale ambapo besi inasikika safi na sawasawa ndipo pa kuihamishia.

Njia ya tatu ni resiva iliyotumika, na hapa nasisitiza uangalifu, maana mitumba ya vifaa vya umeme hutoka nchi nyingi. Kabla ya kuuliza bei, isome lebo ya nyuma. Resiva ya soko la Marekani huandikwa volti 120, na ya Japani volti 100. Kuichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 ni kuiunguza, na transfoma ya kuishusha volti ikiongezwa, unafuu wa bei unaweza kutoweka. Lebo ikiwa sawa, tafuta HDMI 2.0 yenye HDCP 2.2 na, ikiwezekana, eARC, ambayo ni ARC iliyoboreshwa. Omba iwashwe kwa muda wa kutosha kupata joto. Usikilize mlio mdogo wa kubofya muda mfupi baada ya kuwaka, ambao huonyesha kwamba relei, yaani swichi ya ndani, imeziunganisha spika. Neno "Protect" likitokea kwenye kioo, iache dukani. Jaribu kila chaneli na kila mlango wa HDMI mmoja mmoja, kwa kuwa bodi ya HDMI hufa mara nyingi huku amplifaya ikiwa nzima. Hakikisha pia maikrofoni ya kupimia chumba ipo, kwani ya modeli nyingine huenda isitoe vipimo sahihi.

Resiva mpya naiweka ya nne. Si kwamba haina thamani, bali wanaoihitaji kweli ni wachache: mwenye Blu-ray ya 4K na nia ya kuweka spika za juu kwa ajili ya Dolby Atmos, mfumo wa sauti inayosikika pia kutoka juu, ambayo iliingia majumbani mwaka 2014, au mchezaji wa michezo ya fremu 120 ambaye milango ya runinga yake haimtoshi. Huyo wa pili ajihadhari na baadhi ya resiva za mwanzo zenye HDMI 2.1 zilizotoka 2020, kwani zilikuwa na kasoro ya chipu iliyoondoa picha zilipounganishwa na Xbox Series X. Usidanganywe na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Uliza wati kwa kila chaneli kwenye omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika), chaneli ngapi zikiwa zinafanya kazi kwa pamoja, kwa kuwa nambari kubwa mara nyingi hupimwa kwa chaneli moja na kwa omu 6.

Ya mwisho ni saundiba. Mwenye spika tano nzuri akiziuza ili anunue saundiba ya bei ya chini, kwa kawaida atapoteza upana wa sauti pamoja na nguvu. Inamfaa aliyepanga chumba ambamo hawezi kupitisha nyaya ukutani, naye achague yenye eARC, sabufa ya kando na spika za nyuma zisizotumia waya.