Jumamosi Nne Karakanani: Tathmini ya Mafunzo ya Kutengeneza Kisu kwa Mkono

Kwa miaka mingi nilikuwa nikinunua visu vya jikoni vya bei nafuu ambavyo, baada ya miezi miwili, havikuweza kukata nyanya bila kuiponda, na kila nilipompelekea mnoa visu anayepita mtaani kwetu na baiskeli yake, alinieleza kwamba tatizo halikuwa makali bali chuma chenyewe. Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nitafute mahali ambapo mtu asiye na ujuzi wowote wa uhunzi angeweza kufundishwa kutengeneza kisu, kuanzia kipande cha chuma hadi mpini. Niliipata karakana moja ndogo jijini Dar es Salaam, ambayo mwenyewe ameniomba nisiitaje kwa jina, kwa kuwa hapokei wanafunzi zaidi ya wawili kwa wakati mmoja na tayari anao wanaosubiri. Mafunzo huchukua Jumamosi nne, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri, kwa ada ya shilingi 180,000 inayojumuisha chuma, mkaa, matumizi ya vifaa na chai ya saa nne.

Ni vyema msomaji ajue mapema kwamba hapo si darasani. Siku za kazi karakana hiyo hufua mapanga, tezo, patasi na kotama za wagema, na mwanafunzi huingizwa katika mazingira hayo hayo bila kupambiwa chochote. Tanuri ni rimu ya gari iliyokandikwa udongo kwa ndani, na upepo hutoka kwenye feni inayozungushwa kwa mkono kupitia rimu ya baiskeli na mkanda. Fuawe, yaani chuma cha kufulia juu yake, ni kipande cha reli kilichosimikwa juu ya gogo. Neno fuawe lenyewe nililitumia mara moja tu, vijana wakatazamana na kucheka, kwa sababu pale huitwa reli na si vinginevyo.

Somo la kwanza lilihusu uchaguzi wa chuma, na lilikuwa zuri kuliko nilivyotarajia. Mzee, kama wote wanavyomwita mwenye karakana, aligusisha kipande cha nondo kwenye grenda, kisha kipande cha springi ya gari, akaniagiza nitazame cheche badala ya kutazama chuma. Za nondo zilitoka ndefu, nyoofu na chache, ilhali za springi zilipasuka mwishoni zikatawanyika kama fataki ndogo. Tofauti hiyo inatokana na kaboni: nondo ina kaboni kidogo mno kiasi kwamba hata ukiipasha moto na kuizamisha namna gani haitakuwa ngumu ya kushika makali, wakati springi huwa na takriban asilimia 0.6, ambayo inatosha kabisa kwa kisu cha mpishi wa nyumbani. Sikupata jibu la kuridhisha, hata hivyo, nilipouliza kuhusu springi zilizokwisha kutumika barabarani kwa miaka mingi, ambazo huweza kuwa na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Niliambiwa tu kwamba chuma kibovu kitajionyesha chenyewe kwenye moto. Mara nyingi ni kweli, lakini kinaweza kujionyesha baada ya kazi ya siku tatu.

Kufua kulichukua Jumamosi yote ya kwanza na nusu ya pili, kwa kuwa springi tuliyopewa ilikuwa na unene wa milimita 7, na kisu cha jikoni hakihitaji hata nusu ya unene huo. Hapa ndipo ada inapolipa. Mzee hana maelezo mengi, ila ana jicho ambalo haliachi kosa lipite, na maneno yake machache huingia mkononi moja kwa moja. Nilipokuwa nikipiga kwa nguvu zangu zote, chuma kikijipinda upande kama ndizi, alinishika kiwiko akasema, "Mwanangu, nyundo ina uzito wake, usiuongezee wa kwako." Kuanzia hapo niliiacha nyundo ianguke, nikaigeuza bapa kila baada ya mapigo machache, na chuma kikaanza kunyooka. Alinifundisha pia kukirudisha motoni kabla wekundu haujafifia, kwa sababu kukipiga kikiwa kimepoa ndiko kunakozaa nyufa, na kutokukiacha ndani ya mkaa hadi kitoe cheche, kwani hapo kinaungua na hakifai tena kwa lolote.

Sehemu ya kutia tupa ndiyo iliyonishangaza zaidi, nami ningemshauri yeyote anayetamani ufundi huu asiione kuwa kazi ya kujazia muda. Nilidhani kisu huundwa kwa nyundo, kumbe kwa anayeanza huundwa kwa tupa. Kisu hufungwa kwenye jiliwa, yaani kibanio cha mezani, upande wa makali hupakwa wino wa kalamu nzito, kisha kwa ncha ya drili yenye kipenyo sawa na unene wa chuma huchorwa mstari wa katikati unaoonyesha mahali ambapo nyuso mbili za makali zitakutana. Tupa husukumwa kwenda mbele tu na kuinuliwa wakati wa kurudi, kwa sababu meno yake hukata upande mmoja, na kuiburuta kurudi nyuma ni kuiua. Kwa saa nzima ya kwanza nilikuwa nikiyumbisha mkono, uso wa makali ukawa wa mviringo badala ya kuwa bapa, na kila nilipodhani nimemaliza, wino ulibaki katika sehemu zilizonisaliti. Mzee alipitisha kucha yake juu ya chuma, akaguna, akapaka wino upya. Alirudia hivyo mara sita. Mara ya saba hakuguna. Katika mafunzo yote, sidhani kama nilipata sifa kubwa kuliko ukimya ule.

Alitukataza kunoa makali hadi mwisho katika hatua hiyo, akataka yaachwe na unene wa karibu milimita moja ili yasipinde wala kupasuka wakati wa kuzamishwa. Ni ushauri sahihi, na mwenzangu aliyeupuuza alitoka na kisu chenye makali ya mawimbi.

Sasa nije kwenye malalamiko yangu makubwa, ambayo yanahusu Jumamosi ya tatu, siku ya kukaza chuma. Kisu hupashwa moto hadi kiwango fulani, kisha huzamishwa ghafla katika mafuta ili kiwe kigumu. Kiwango hicho kina alama rahisi: chuma kikifikia takriban nyuzi 770 za Selsiasi huacha kuvutwa na sumaku, na kwa springi huhitaji kupandishwa kidogo tu juu ya hapo. Karakana hiyo haikuwa na sumaku. Rangi ilikadiriwa kwa macho, mchana kweupe, chini ya paa la bati lililotoboka, ambapo wekundu wa cheri na wekundu wa chungwa hauwezi kutofautishwa kwa urahisi na mtu aliyeanza juzi. Mzee anaweza, kwa kuwa amelitazama tanuri hilo kwa miaka thelathini, nami sikuweza. Nilichelewa kukitoa, na chuma kilichopashwa kupita kiasi hukuza chembechembe za ndani na kuwa chepesi kuvunjika. Mafuta nayo yalikuwa oili chafu ya injini, ambayo hutoa moshi mzito wa kukaba koo, wakati mafuta ya kupikia ya alizeti, yakipashwa hadi nyuzi 50 hivi, hufanya kazi hiyo vizuri bila kuwasumbua majirani.

Zaidi ya hayo, hatua ya kupunguza ugumu haikufanywa ipasavyo. Kisu kilichotoka tu kwenye mafuta kina ugumu wa kioo, na tupa huteleza juu yake bila kung'ata, jambo ambalo linathibitisha kwamba kimekaza. Lakini kinatakiwa kipashwe tena polepole, kwa nyuzi 200 hivi, kwa saa moja au mbili, ikiwezekana mara mbili, hadi uso uliosuguliwa ugeuke rangi ya nyasi kavu, ili kipate uvumilivu. Sisi tulielekezwa kukiegemeza kando ya mkaa kwa dakika chache na kukiondoa mara rangi ilipoonekana mgongoni. Nilikwenda nacho nyumbani nikiwa na fahari kubwa, nikakitumia kumkata samaki aina ya changu aliyekuwa bado ana barafu, na kipande cha makali chenye ukubwa wa punje ya mchele kikaruka hadi kwenye sinki. Nilikaa nikikitazama kwa muda. Hasira yangu iliisha nilipokumbuka kwamba mimi ndiye niliyeshika koleo.

Nilirudi Jumamosi ya nne nikiwa na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, pamoja na lita tano za mafuta ya alizeti, nikaomba chuma kingine. Mzee alinipa bila kuniongezea gharama, jambo ambalo ni la haki na ninalitaja kwa shukrani. Kisu cha pili nilikipunguza ugumu nyumbani, ndani ya oveni ya jiko la gesi, mara mbili kwa saa moja na nusu kila mara, huku mke wangu akiuliza ni lini tutakula keki ya chuma.

Kuhusu mpini sina mengi. Karakana hutoa mninga, ila ukiongeza shilingi 15,000 unapewa mpingo, mti mzito kiasi cha kuzama majini na usiohitaji rangi wala vanishi baada ya kusuguliwa kwa msasa wa namba za juu. Vumbi lake huwasha pua, kwa hiyo barakoa ni lazima, nayo haikutolewa. Pini zilikatwa kutoka kwenye fito ya shaba ya manjano, na gundi ya mirija miwili iliachwa usiku kucha.

Suala la usalama halikuniridhisha. Grenda ilikuwa haina kinga, na miwani ilikuwa moja kwa watu wawili. Anayekwenda abebe miwani yake, avae viatu vilivyofunikwa na nguo za pamba, maana cheche hazina huruma na nailoni.

Kwa kujipima, nilijaribu sehemu ya mtihani ambao chama cha American Bladesmith Society, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1976, huwapa wanaowania daraja la kwanza la ufundi: kukata kwa pigo moja kamba ya unene wa inchi moja inayoning'inia huru, kukata ubao wa inchi 2 kwa 4 mara mbili, kunyoa nywele kwa makali yale yale, na hatimaye kukikunja kisu hadi nyuzi 90 bila kuvunjika. Nilitumia kamba ya katani. Nilihitaji mapigo matatu, ubao sikuugusa, na kukikunja sikuthubutu, kwa kuwa kisu hicho kinakata vitunguu vya nyumbani kwangu kila siku na hakijapoteza hata punje.

Kwa moto, nyundo na tupa ninaipa karakana hii alama tisa kati ya kumi; kwa kukaza chuma, nne, na hizo nne ni kwa sababu ya ukarimu wa kile chuma cha pili. Ninarudi mwezi ujao kufua kotama. Wiki iliyopita nilipita kumwamkia Mzee, nikaikuta sumaku yangu imefungwa kwa waya kwenye nguzo iliyo kando ya tanuri, tayari imeshika masizi. Pipa la oili chafu lilikuwa pale pale.