Kihispania kwenye foleni ya chumvi, na yule mwalimu wa Jumamosi

Mie ni dereva wa trela, nabeba chumvi Gongoni naipeleka bara mpaka Uganda, na anayeijua kazi hii ajua kuendesha ndo raha yake, kazi ni kungoja. Mvua ikinyesha mashamba ya chumvi yasimama, mwakaa foleni siku mbili tatu, tanboi, msaidizi wangu, kalala chini ya trela na video zote za simu ushazimaliza. Ndo nikalipia haya masomo ya Kihispania ya kwenye simu. Jina la kampuni silitaji, wanajijua.

Mwaniuliza kwa nini Kihispania na Malindi hapa kila mtu ana Kiitaliano chake? Ndo sababu yenyewe. Shemeji yangu auza vinyago pale ufuoni, akija nyumbani ni ciao, ni buongiorno, hata mahamri ayaomba kwa Kiitaliano. Nikasema mie natafuta changu asichokijua. (Kumbe nusu aelewa, hizi lugha ni ndugu. Nilichukia siku nzima.)

Rekodi zao ziko sawa, nisiwe mwongo. Kuna mama asema polepole kisha anyamaza akungoje ujibu, na a e i o u zao ni hizihizi zetu, mtu wa pwani hapati tabu. Mesa ni meza, bandera ni bendera, azúcar waisikia kabisa sukari imo ndani. Hiyo meza na bendera twazipata kwa Mreno, wale wenye ule mnara wa Vasco da Gama hapo mjini, kwa hivo ni kama kukutana na binamu. Chumvi ni la sal, ati ya kike. Haya.

Shida ni Jumamosi. Jumamosi mwaingia kama watu kumi kwenye simu na mwalimu mwenyewe, mzima. Siku hiyo, mwezi uliopita kama si ule wa nyuma yake, nilikuwa foleni tangu juzi, netiweki hakuna, nikapanda juu ya kebini ndo nikaipata. Mwalimu auliza kila mtu hali yake, ikafika zamu yangu nikajibu kwa sauti, soy aburrido. Nilitaka kusema nimechoka kukaa bure. Yule bwana akacheka! Akageuza Kiswahili ili wote wasikie, "Kweli kaka, hata sisi twaona, wewe ni mtu wa kuchosha." Wakaangua kicheko. Kumbe hao wana "kuwa" mbili, ukisema soy ndo ulivyo wewe siku zote, estoy ni hali ya saa hiyo tu, ilitakiwa estoy aburrido. Sasa kunifundisha hilo si ndo kazi yako jameni? Nimekulipa unicheke? Sijafungua mdomo akaniambia injini yako yatusumbua, akanifungia maiki. Na injini haikuwa hata yangu, ni ya lori la nyuma! Na maswali yangu matatu nilikuwa nimeyaandika nyuma ya karatasi ya mizani, nayo mpaka leo.

Nikawaandikia, wakanijibu "asante kwa maoni yako" na kikatuni kinachekacheka. Wezi watupu hawa. Basi si wezi, masomo wametoa, lakini adabu hawana.

Na linaloniudhi zaidi ni kwamba soy na estoy sitazisahau mpaka kaburini. Juzi Malaba mpakani, foleni haina mwisho, nikajisikia mwenyewe nasema estoy aburrido, na tanboi kule chini aitika, "estoy!" Ashaiokota, bure, hajalipa hata shilingi.

Nyota mbili. Haya tatu, ya tatu ni ya yule mama wa rekodi. Malipo yangu yaisha wiki hii na nitalipia tena, ila Jumamosi siingii. Au naingia, siku moja tu, niko nyumbani kwangu kimya kabisa, nimuulize kama bado nachosha.