Uzoefu wangu na openssl prime: kuzalisha na kupima namba tasa kubwa

Amri ya `openssl prime`, sehemu ya zana ya usimbaji fiche iitwayo OpenSSL, imo karibu kwenye kila seva ya Linux, na wengi wanaoshughulika na vyeti vya tovuti kila siku hawajui kama ipo. Naitumia kwa kazi mbili: kuzalisha namba tasa kubwa za majaribio, na kukagua namba ambayo mtu mwingine anadai ni tasa. Kwa kazi hizo naipa alama za juu kabisa. Kwa kutengeneza ufunguo halisi wa seva siipendekezi, na sababu zake ziko huko chini. Ninayoyasema yanahusu toleo la 3 la OpenSSL na kuendelea. Andika `openssl version` uone lako ni lipi.

Kuzalisha ni mstari mmoja tu:

openssl prime -generate -bits 1024 -hex

Inatoka namba yenye tarakimu 256 za heksadesimali (mfumo wa tarakimu 16, kutoka 0 hadi F). Itazame tarakimu ya kwanza: kila mara ni C, D, E au F. Ni kwa makusudi. Biti mbili za juu huwekwa 1 ili ukizidisha namba mbili za biti 1024 upate zao la biti 2048 kamili. Ndivyo ufunguo wa RSA, mfumo wa usimbaji unaotumiwa na seva nyingi, unavyojengwa: namba tasa mbili, p na q, na zao lake. Programu inayokupa p na q zinazoanza zote na 8 au 9 itakutolea zao la biti 2047, na baadhi ya mifumo itaukataa ufunguo huo. Tarakimu ya mwisho nayo ni witiri siku zote, kwa sababu iliyo wazi.

Muda wa kusubiri haulingani kila ukiiendesha, na wapo wanaodhani programu imekwama. Haijakwama. Kwenye ukubwa wa biti 1024, namba tasa ni kama moja kati ya 710. Ukitupa shufwa, inabaki moja kati ya 355. Kwanza namba hugawanywa kwa namba tasa ndogondogo, kwa kuwa kugawa ni rahisi na huondoa nyingi. Ukigawa kwa zote zilizo chini ya 1000, kati ya zile 355 zinabaki takriban 58 za kupelekwa kwenye kipimo kizito. Hapo ni bahati: unaweza kuipata kwenye namba ya tatu au ya mia. Ukipanda hadi biti 2048, namba za kupitia huongezeka maradufu na kila kipimo huwa kizito mara kadhaa, hivyo muda huongezeka mara kumi au zaidi.

Kipimo chenyewe ni Miller-Rabin, na kinafaa kueleweka kwa mfano ulio mdogo. Chukua 561, ambayo ni 3 × 11 × 17. Kipimo cha zamani cha Fermat kinauliza: 2 kwa kipeo cha 560, ukigawa kwa 561, kunabaki ngapi? Kunabaki 1, sawasawa na namba tasa ya kweli, kwa hiyo Fermat anadanganyika. Miller-Rabin haangalii jibu la mwisho peke yake. Anaandika 560 kama 16 × 35, anatafuta baki la 2 kwa kipeo cha 35, halafu anaendelea kulizidisha kwa lenyewe. Mabaki yanakuja hivi: 263, 166, 67, 1. Hapo kwenye 67 ndipo uongo unapofichuka. Namba tasa hairuhusu kipeuo cha pili cha 1 kiwe kitu kingine zaidi ya 1 au −1, na 67 si mojawapo. Isitoshe, kigawo kikubwa cha shirika cha 66 na 561 ni 33, na cha 68 na 561 ni 17, na 33 × 17 inakurudisha kwenye 561. Ukiandika `openssl prime 561` utajibiwa `231 (561) is not prime`. Hiyo 231 ni 561 ileile kwa heksadesimali. Si kigawo chake, ingawa wengi huisoma hivyo.

Amri hii haitafuti vigawo kabisa. Ipe 147573952589676412927, yaani 2 kwa kipeo cha 67 toa 1, itakwambia papo hapo kwamba si tasa, basi. Vigawo vyake, 193707721 na 761838257287, alivionyesha Frank Nelson Cole mwaka 1903. Kupima kama namba ni tasa ni kazi nyepesi na kuipasua ni kazi ngumu, na RSA nzima imesimama juu ya pengo hilo.

Kila raundi ya Miller-Rabin huchukua namba ya nasibu kama msingi, na namba isiyo tasa huweza kupenya kwa uwezekano usiozidi robo. OpenSSL 3 hufanya raundi 64 kwa namba hadi biti 2048, na 128 kwa zilizo kubwa zaidi. Robo ikizidishwa yenyewe mara 64 ni 1 kugawa kwa 2 kwa kipeo cha 128, kwa hiyo kosa la bahati mbaya liondoe akilini. Haikuwa hivi tangu mwanzo. Maktaba ya zamani ilipima namba kubwa kwa raundi chache tu, ikichukulia kwamba namba imeokotwa kwa nasibu na hakuna aliyeitengeneza kwa hila. Mwaka 2018 Albrecht, Massimo, Paterson na Somorovsky walionyesha kwamba maktaba nyingi zinadanganywa na namba zilizoundwa mahsusi kupita kipimo, hasa pale misingi inapojulikana mapema au raundi zinapokuwa chache. Ukipokea p kutoka kwa mtu usiyemwamini, ipime kwa toleo jipya. Katika toleo jipya chaguo la `-checks` bado linakubaliwa lakini halifanyi kitu, kwa hiyo skripti ya zamani yenye `-checks 200` haiongezi uhakika wowote.

Yapo mengine yanayowakwamisha watu. Bila `-hex`, namba husomwa kama desimali. Zikiwemo herufi utapata ujumbe wa kukataliwa, lakini ikiwa tarakimu tupu utapata jibu la namba nyingine kabisa: 25 ya desimali si tasa, ilhali 25 ya heksadesimali ni 37, nayo ni tasa. Namba unayoinakili kutoka `openssl rsa -text -noout` ina nuktapacha na mistari mingi, kwa hiyo ipitishe kwanza kwenye `tr -d ' :\n'`. Zile 00 za mwanzo hazina madhara. Kwenye skripti usitegemee alama ya kutokea (exit code): amri humaliza kwa 0 hata namba isipokuwa tasa. Soma maneno yenyewe kwa `grep -q 'is prime'`.

Sababu kubwa ya kutoitumia kwa funguo halisi ni hii: namba unayoipima unaiandika kwenye mstari wa amri. Mtumiaji mwingine wa seva hiyohiyo akiandika `ps`, amri inayoorodhesha programu zinazoendeshwa, kwa wakati huo ataiona, na inabaki pia kwenye historia ya terminali. Anayeijua p moja ana ufunguo wote, maana q ni kugawa tu. Ufunguo utengeneze hivi:

openssl genpkey -algorithm RSA -pkeyopt rsa_keygen_bits:3072 -out ufunguo.pem
openssl rsa -in ufunguo.pem -check -noout

Amri ya pili hupima p na q humohumo ndani bila kuzianika. Vilevile `genpkey` hutazama mambo ambayo `prime` haiyajui, kwa mfano p na q zisikaribiane mno. Kiwango cha Marekani cha FIPS 186-5 kinataka tofauti yake ipite 2 kwa kipeo cha (nusu ya biti za ufunguo, toa 100). Zikikaribiana, mbinu ya Fermat ya kupasua namba inazipata kwa muda mfupi.

Hapa nasisitiza kwa nguvu zote: "is prime" haimaanishi "ni salama". Mwaka 2012 watafiti walikusanya funguo za umma za intaneti nzima na kutafuta kigawo kikubwa cha shirika kati yake. Wakapata funguo za siri za RSA za asilimia 0.50 ya seva za TLS (itifaki inayolinda mawasiliano ya tovuti), kwa sababu vifaa vingi vilizalisha funguo mara tu baada ya kuwashwa, kabla ya kukusanya unasibu wa kutosha, vikaangukia p ileile. Kila moja ya p hizo ilikuwa tasa halali. Udhaifu wa ROCA wa 2017, uliogunduliwa kwenye chipu za kadi, nao ulikuwa hivyohivyo: namba zilikuwa tasa kweli, ila zilijengwa kwa muundo uliopunguza mno wigo wa kubahatisha, na Estonia ikalazimika kushughulikia vitambulisho takriban 750,000. Ukiwa na kifaa kidogo kisicho na chanzo kizuri cha unasibu, zalisha ufunguo kwenye mashine nyingine kisha uhamishe.

Chaguo la `-safe` hutafuta p ambayo (p − 1) ÷ 2 nayo ni tasa, kwa ajili ya Diffie-Hellman, njia ya pande mbili kukubaliana siri hadharani. Linafanya kazi vizuri ila linachosha, kwa kuwa namba mbili lazima zipite kwa mkupuo mmoja. Kwenye biti 4096 jiandae kwa dakika nyingi. Namba hizo siku zote huishia na 3, 7, B au F kwa heksadesimali. Kwa seva ya kawaida sioni haja ya kuzalisha yako. Tumia makundi ya ffdhe, yaani namba za Diffie-Hellman zilizo tayari, yaliyochapishwa katika RFC 7919 mwaka 2016, ffdhe3072 kwa mfano, ambayo yamekaguliwa na wengi.

Na kama unachotaka ni uthibitisho wa kihisabati badala ya uwezekano, OpenSSL haikupi. Nenda PARI/GP, programu ya hisabati. Humo `ispseudoprime(n)` hutumia kipimo cha BPSW, ambacho hakuna aliyewahi kukipatia namba ya kukidanganya, `isprime(n)` huthibitisha kabisa, na `primecert(n)` hutoa cheti ambacho mtu mwingine anaweza kukikagua kwa `primecertisvalid`. Kwa biti 1024 usubirio wake ni mrefu kuliko wa OpenSSL, lakini unavumilika.